Mradi wetu wa tenki la maji: kila mtu alifanya kazi yake sawasawa na bado mfumo ukafeli

Mwana Nzuguni (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Naandika huu uzi kwa ajili ya wadogo zetu wanaosoma IT, kompyuta na elektroniki, ambao muda si mrefu watapangiwa mradi wa kikundi, iwe diploma au digrii. Ukiuliza mahali popote kuhusu miradi ya vikundi jibu la kwanza utakalopewa ni habari za wavivu, na wavivu wapo kweli sikatai, ila kwetu hakukuwa na mvivu hata mmoja, watu wamekesha, watu wametoa hela ya boom kununua vifaa, na siku ya kupresenti mfumo ukafanya kinyume kabisa cha kazi uliyoumbiwa. Nimelitafakari sana hili jambo na nimeona nilieleze kwa urefu kwasababu naamini vikundi vingi vinafelia sehemu hii hii alafu wanabaki kulaumiana bila kujua walipofelia.

Tulikuwa watano. Mradi wenyewe ni mfumo wa kuangalia maji kwenye tenki la hosteli, yale masimtank meusi. Sensa, yaani kifaa cha kupimia, inakaa kwenye mfuniko, Arduino (ubao mdogo wa kompyuta wa kuendeshea vifaa) inasoma, pampu inawaka na kuzima yenyewe, na maji yakibaki kidogo meseji inaenda kwenye simu ya mtunza hosteli. Aliyewahi kuishi hosteli yenye mgao wa maji ataelewa kwanini tulilipenda hili wazo, maji yanakuja saa nane usiku, hakuna aliye macho wa kuwasha pampu, asubuhi mnaamka mnapanga foleni na ndoo wakati mna kipindi saa moja. Kwahiyo haukuwa mradi wa kutafuta maksi tu, tulitaka ubaki pale ufanye kazi.

Tukagawana. Jamaa mmoja akachukua sensa, mwingine akachukua kodi (maelekezo ya programu) ya kuamua pampu iwake lini na izime lini, mimi nikachukua umeme na moduli ya kutuma meseji, mwingine ukurasa wa kuonyesha taarifa kwenye simu, na dada yetu mmoja akapewa ripoti na slaidi. Hapo kwenye dada kupewa ripoti ntarudi.

Sasa sikilizeni kwa makini hapa maana ndio penyewe. Sensa tuliyotumia ni HC-SR04, ile yenye macho mawili, ni rahisi na Kariakoo imejaa. Inapiga sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga maji inarudi, unapima muda iliotumia. Sauti hewani inakimbia kama mita 343 kwa sekunde kwahiyo ukichukua mikrosekunde za kwenda na kurudi ukagawa kwa 58 unapata sentimita. Lakini sensa imekaa juu kwenye mfuniko inaangalia chini, kwahiyo inachopima sio maji, inapima ile hewa iliyopo kati ya mfuniko na maji. Tenki likijaa namba inakuwa ndogo, tenki likikauka namba inakuwa kubwa.

Jamaa wa sensa akaandika kodi yake vizuri kabisa, inarudisha sentimita, ameipima na rula ukutani, sahihi. Jamaa wa pampu naye akaandika kodi yake vizuri kabisa, inapokea namba, ikiwa chini ya 20 washa pampu, ikifika 80 zima. Yeye kichwani mwake ile namba ni kina cha maji kutoka chini ya tenki. Kati yao hakuna aliyemuuliza mwenzake hii namba inaanzia wapi, na sio kwa dharau, ni kwamba kila mmoja aliona jibu liko wazi mno kiasi kwamba swali lenyewe halikumjia.

Mtauliza, hamkufanya majaribio? Tulifanya, tena mengi. Tulitumia pipa lenye urefu wa sentimita 90. Maji tulikuwa tunabeba kwa ndoo kutoka bomba la nje mpaka maabara, ukishabeba ndoo kadhaa mnakubaliana inatosha, kwahiyo pipa lilikuwa linaishia katikati. Pipa la sentimita 90 likiwa nusu, hewa ni 45 na maji ni 45. Sensa inasema 45, ukipima maji kwa fimbo unapata 45, wote mnapeana mikono. Tungebeba ndoo chache zaidi au chache pungufu siku yoyote ile tungeligundua.

Siku ya kupresenti fundi wa maabara kwa wema wake akalijaza pipa kwa mpira mpaka karibu na mdomo ili paneli, yaani walimu wanaokagua mradi, waone vizuri. Sensa ikasoma 8. Kodi ikaona 8 ni chini ya 20, ikawasha pampu. Pipa limejaa na pampu inaongeza maji, na kadiri maji yanavyopanda namba inazidi kushuka kwahiyo ile 80 ya kuzimia haiwezi kufika milele. Maji yakamwagika sakafuni penye ekstensheni za umeme, mwalimu mmoja akakimbilia swichi ya ukutani akazima. Hakuna aliyeumia namshukuru Mungu, ila hapo ndio nilielewa mradi wa darasani unaweza kuua mtu.

Paneli wakaturudisha tukafanye marekebisho. Nje kwenye korido ndio balaa likaanza, huyu anamwambia mwenzake umetuma namba za ajabu, yule anajibu wewe hukusoma sensa inafanyaje kazi. Kila mmoja akafungua laptop akaonyesha kodi yake iko sahihi, na ukweli ni kwamba zote mbili zilikuwa sahihi. Hicho ndicho kilichonifungua macho. Mngemkagua kila mtu peke yake msingeliona lile kosa hata mngekesha, kwasababu lilikuwa katikati ya watu wawili, mahali ambapo kwenye mgawanyo wa kazi hapakuwa na jina la mtu.

Na wala haya sio mambo ya wanafunzi peke yao. NASA walirusha chombo kinaitwa Mars Climate Orbiter Desemba 1998, kiende kuchunguza hali ya hewa ya Mars. Septemba 23, 1999 kilipofika kikapotea moja kwa moja. Uchunguzi ukaonyesha programu ya upande wa Lockheed Martin waliotengeneza chombo ilikuwa inatoa hesabu za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza, paundi, wakati watu wa kuongoza safari kule JPL, maabara ya NASA, walikuwa wanazipokea kama vile ziko kwenye nyutoni, kipimo cha kimetriki. Tofauti ya hapo ni zaidi ya mara 4. Kila msukumo mdogo njiani ulikuwa unahesabiwa vibaya, makosa yakajikusanya miezi na miezi, chombo kilichotakiwa kupita kama kilomita 226 juu ya Mars kikaingia mpaka kama 57, na hapo hakiwezi kupona. Watu wenye akili vile, hela ile yote, na kilichowamaliza ni namba iliyovuka kutoka timu moja kwenda nyingine bila maelezo.

Kuna kipande kingine cha hiyo habari kinachoniuma zaidi. Wapo waliokuwa wanaongoza safari walioona mapema kwamba mahesabu hayakai sawa, ila hoja zao hazikufuatiliwa ipasavyo. Na sisi vilevile! Baada ya vurugu za korido nilirudi hosteli nikaanza kupitia grupu letu la WhatsApp kuanzia juu, nikakuta meseji ya yule dada wa ripoti, aliandika usiku baada ya majaribio, "jamani mbona nikiongeza maji namba inashuka?" Chini yake mtu kauliza mchango wa kuprinti ni shingapi, mwingine katuma jalada la ripoti, mwingine stika, basi, ikafunikwa. Hakuna aliyemjibu. Nilipomuuliza kwanini hakurudia akanijibu kwamba yeye alikuwa wa ripoti, akadhani labda ndivyo inavyotakiwa kuwa na hajui mambo ya sensa.

Wakuu hili naomba mlichukulie kwa uzito. Kwenye vyuo vyetu ukiwa binti kwenye kikundi asilimia kubwa utapewa ripoti, slaidi na kuandika majina, alafu ukiona kitu unaonekana unaingilia. Huyu dada ndiye peke yake aliyemwaga maji kwenye pipa kwa mkono wake huku macho yake yakiwa kwenye namba, wengine wote tulikuwa tunaangalia skrini zetu. Alikuwa na jibu la mradi mzima mkononi. Tumemkosea yeye kwanza kabla ya kukosea mfumo.

Tulichofanya baada ya hapo ntaandika chini kidogo, nipisheni nikale.

Mzee wa Kihonda

Mkuu pole na hongera kwa kueleza vizuri. Ila mimi bado naona kiini ni kiongozi wa kikundi. Kazi ya kiongozi ilikuwa ni nini kama sio kuunganisha hivi vipande? Sisi kikundi chetu tulikuwa 8 na walifanya kazi wawili, hao wengine majina tu, hizo habari za katikati ya watu hata hatukufika.

Mwana Nzuguni (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo. Kiongozi tulikuwa naye na alikuwa anauliza kila jumapili, umefikia wapi? Kila mtu anajibu nimefikia asilimia 80. Swali hilo linamhusu mtu na kipande chake. Swali ambalo hakuna aliyelifikiria ni wewe unampa nani nini, na yeye anadhani anapokea nini. Ukiuliza la kwanza tu unaweza kuwa na vipande vitano vya asilimia mia na mfumo wa asilimia sifuri.

Kuhusu watu 8, kaa uhesabu. Watu 5 wana jozi 10 za watu wanaoweza kutoelewana, watu 8 wana jozi 28. Kuna mhandisi wa kilimo wa Ufaransa anaitwa Maximilien Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, matokeo yakachapishwa 1913, akaonyesha kwamba ukiongeza wavutaji nguvu ya kila mmoja inapungua. Watu wanapenda kuitumia hiyo kusema binadamu akiwa kwenye kundi anazembea, na uzembe upo, ila Ringelmann mwenyewe alielekeza sana kwenye suala la kutovuta kwa pamoja, huyu anavuta wakati yule anapumzisha mikono. Sasa wale sita wenu waliobaki majina tu, sina uhakika wote walizaliwa wavivu. Mtu akipewa kazi ambayo hajui inaungana wapi na ya mwenzake, akikwama hajui amuulize nani, anaona aibu, anakaa kimya, mwisho mnamwita mvivu. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwa jamaa wetu wa ukurasa wa simu, alipotea karibu mwezi mzima, kumbe alikuwa hajui data zitamfikiaje na hakutaka kuonekana hajui.

Binti Uyole

Asante sana mleta uzi kwa kusema habari za sisi wa ripoti. Mimi niko mwaka wa pili na nimepewa ripoti tena. Naomba ueleze mlirekebishaje, na mliandika nini, maana tunaanza mwezi ujao.

Mwana Nzuguni (mleta uzi)

Dada karibu, naendelea.

Kwanza wale majamaa wawili walikuwa hawaongei. Niliwaita sehemu moja, nikachora tenki kwenye karatasi, pembeni sikuandika chochote, nikampa kila mmoja kalamu nikawaambia weka mshale pale namba yako inapoanzia. Mmoja akaweka juu kwenye mfuniko mshale unashuka, mwingine akaweka chini kwenye kitako mshale unapanda. Wakaangaliana. Ugomvi uliisha pale pale bila mimi kuongeza neno, kwasababu hakuna aliyelazimika kukubali kwamba yeye ndiye mjinga.

Baada ya hapo tukaifanya ile karatasi kuwa ya mradi mzima. Kila mahali ambapo kitu kinatoka kwa mtu kinaingia kwa mwingine tukaandika kinaitwaje, kiko kwenye kipimo gani, sifuri yake iko wapi, kinatumwa kila baada ya muda gani, chini kabisa tena kwa maandishi makubwa mifano mitatu ya namba halisi, tenki tupu inasomaje, nusu inasomaje, limejaa inasomaje. Hiyo mifano mitatu ndio dawa kuliko maneno yote, mtu anaweza kusoma maelezo akaelewa kivyake ila akiona pipa lililojaa ni 82 (urefu 90 kutoa hewa 8) hana pa kupotelea. Na majaribio tukaanza kufanya kwenye ncha, tupu kabisa na kujaa kabisa, kubeba ndoo tukabeba wote watano.

Karatasi ikaibua tatizo lingine ambalo hata paneli hawakulijua. Tulipofika swali la sensa ikishindwa inatuma nini, jamaa wa sensa akafungua maelezo ya pulseIn, ile amri ya Arduino ya kupima muda wa mwangwi. Pigo lisipofika kabisa kwenye pini inasubiri kwa sekunde moja alafu inarudisha 0. Sasa waza, waya umechomoka, inakuja 0. Kwa jamaa wa sensa 0 maana yake sijasikia kitu. Ikipita kwenye hesabu mpya ya urefu wa tenki kutoa hewa, 0 inageuka kuwa tenki limejaa mpaka kwenye mfuniko. Pampu haiwaki, hosteli nzima inakaa bila maji na mfumo unasema maji yapo tele. Tukakubaliana ikija 0 kodi isifanye hesabu yoyote, izime pampu na itume meseji ya hitilafu kwa mtunza hosteli. Hilo hatukulipata kwa ujuzi wa mtu, tumelipata kwasababu watu wawili walikaa benchi moja wanajaza karatasi moja.

Kuhusu wewe na ripoti, usiikatae, ila iombe kwa namna tofauti. Sema mimi ndiye nashika hiyo karatasi na mimi ndiye nasimamia majaribio. Anayeandika ripoti analazimika kuelewa vipande vyote, hakuna mwingine kwenye kikundi mwenye nafasi hiyo, kwahiyo mpeni na haki ya kusimamisha kazi. Dada yetu tulimpa hiyo haki, hakuna kodi iliyoingia kwenye ubao bila yeye kuona ncha zote mbili zimepimwa na namba kaziandika kwenye daftari. Mara ya pili tulipopresenti paneli wakamuuliza yeye maswali mengi kuliko sisi na alijibu yote.

Kingine, mambo ya kiufundi yatoeni kwenye grupu la stori. Fungueni grupu la pili la makosa tu, mtu akiweka swali humo halifunikwi na michango ya kuprinti, na kila swali lijibiwe hata kama jibu ni sijui.

Fundi Mbagala

Uzi mzuri. Mkuu hapo kwenye moduli ya meseji mlitumia ipi? Mimi SIM800L inanisumbua, inawaka, inatafuta mtandao, inajizima, inaanza upya. Laini nimebadilisha mpaka nimechoka.

Mwana Nzuguni (mleta uzi)

Kaka ni hiyo hiyo SIM800L na ilikuwa kipande changu, laini haina kosa. Hiyo moduli inataka volti 3.4 mpaka 4.4, na inaposhika mtandao inavuta umeme kwa mshtuko mpaka kama ampia 2 kwa muda mfupi sana. Pini ya 5V ya Arduino volti zake zimezidi na umeme wa hivyo haina, kwahiyo ukiichukulia hapo volti zinadondoka ghafla inajizima, ndio huo mzunguko unaouona. Chukua kipunguza volti cha LM2596, pima kwa mita uweke 4.0 kabla hujaunganisha kitu, weka na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli, na waya za umeme ziwe fupi na nene. Chanzo chako cha umeme nacho kiweze kutoa ampia 2, chaja dhaifu ya simu itakurudisha pale pale.

Alafu waya unaotoka TX (pini ya kutuma) ya Arduino kwenda RX (pini ya kupokea) ya moduli usiuunganishe moja kwa moja, Arduino inatoa volti 5. Weka ristansi mbili, kilo-omu 10 upande wa Arduino na kilo-omu 20 kwenda GND (upande wa hasi), katikati yake ndio unapochukulia, unapata kama volti 3.3. GND ya kipunguza volti, ya moduli na ya Arduino zote ziungane pamoja. Ukishafunga piga picha uiweke hapa kabla hujawasha, tutakuangalizia.